Je, wajua kwa nini kuna samaki anajificha wenzake wakila?

Unamwaga chakula bwawani, sato wote wanakimbilia juu wanagombania mpaka maji yanakurukia, afu kuna mmoja kajibanza kule pembeni kivulini kama hajaalikwa. Wengi tunakimbilia kusema anaumwa, na kweli inawezekana, ila mara nyingi shida ni wenzake.

Sato ni wababe sana. Dume kubwa linachimba shimo lake kwenye tope na kulilinda, ukisogea tu unakula kibano, na wakati wa msosi hao hao ndo wanatangulia. Aliyeonewa sana utamuona rangi imekuwa nyeusi nyeusi, ndo namna yake ya kusema yaishe mkubwa, na hofu ikishamkaa hata hamu ya kula inapungua. Sasa we ukimwaga chakula chote sehemu moja umewarahisishia wababe kazi.

Mwaga sehemu 2 au 3. Anza upande wa wababe, wakishanogewa ndo urushe kidogo kule kwa muoga, dume haliwezi kulinda bwawa zima bwana. Na usitegemee chakula cha kuelea tu maana kinamlazimisha aje juu, na huko juu ndo kwenye ndege wala samaki kama mdiria na korongo, kwahiyo changanya na kidogo cha kuzama. Muda usiubadilishe, kama ni saa 4 asubuhi na saa 10 jioni basi iwe hivo kila siku, samaki wanakariri kabisa. Alfajiri achana nayo, oksijeni ya kwenye maji inakuwa chini sababu usiku kucha mwani unaitumia bila kutengeneza nyingine. Na usitembee tembee ukingoni, wana mstari ubavuni unaonasa mtikisiko, hatua zako wanazipata kabla hujafika.

Ila kabla ya yote hayo muangalie kwanza chini ya taya! Jike la sato likishataga linabeba mayai mdomoni, yanaangulika humo humo na vitoto vinaendelea kukaa humo mpaka viweze kujitegemea, kama wiki moja na nusu hadi mbili hivi, na siku zote hizo mama hali au anadonoa kidogo sana. Ukiona kidevu kimetuna muache na kona yake, maana ukianza kumkurupusha na wavu ati aende kula na wenzake, atayatema yote.