Nakala ya Filamu ya Kushikika: Maana Yake na Sababu za Kutoweka Kwake

Nakala ya filamu ya kushikika ni filamu iliyohifadhiwa ndani ya kitu ambacho mtu anaweza kukinunua, kukiweka kabatini, kukiazimisha, kukiuza au kukirithisha bila kuomba ruhusa kwa aliyeitoa filamu hiyo. Zamani kitu hicho kilikuwa kanda ya video. Baadaye kikawa diski: kwanza DVD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, kisha Blu-ray mwaka 2006, na hatimaye Ultra HD Blu-ray mwaka 2016. Kinyume chake ni utiririshaji, ambapo filamu hukaa kwenye seva za kampuni na kumfikia mtazamaji kwa njia ya intaneti, kipande baada ya kipande, huku anaitazama. Kupungua kwa diski huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni chombo kipya kimechukua nafasi ya cha zamani, jinsi DVD ilivyoiondoa kanda. Kwa maoni yangu suala ni zito kuliko hilo, kwa sababu safari hii kilichobadilika ni kile anachobaki nacho mtu baada ya kulipa.

Diski za aina zote tatu zina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, sawa na CD ya muziki. Taarifa za filamu huandikwa kwa vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati hadi ukingoni, na mwonzi wa leza ulio ndani ya deki huvisoma diski inapozunguka. Leza nyekundu ya DVD husoma gigabaiti 4.7 katika tabaka moja. Leza ya Blu-ray, yenye rangi ya buluu inayokaribia zambarau, ina mawimbi mafupi zaidi na huweza kusoma vishimo vidogo zaidi, na kwa hiyo tabaka moja hubeba gigabaiti 25. Diski kubwa kabisa ya Ultra HD Blu-ray, yenye tabaka tatu, hufikia gigabaiti 100.

Nafasi hiyo ndiyo chanzo cha tofauti ya ubora ambayo watazamaji wengi hawajapata kuiona ikielezwa. Huduma za utiririshaji hupendekeza intaneti yenye kasi ya takriban megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde ili kutazama picha ya 4K, yaani yenye ukali uleule wa Ultra HD, ilhali diski ya Ultra HD Blu-ray inaweza kupeleka zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde. Ili filamu ipite kwenye mtandao, hubanwa sana, na kinachotupwa kwanza ni vile vitu ambavyo kompyuta hukadiria kwamba jicho halitavikosa. Mara nyingi makadirio hayo ni sahihi. Lakini tazama tukio la usiku, ukungu, moshi, au anga inayofifia kutoka mwanga kwenda giza: pale ambapo rangi zilipaswa kuyeyukiana polepole, huonekana mistari au vijisanduku vya giza vinavyochezacheza, na chembechembe za filamu iliyopigwa kwa mkanda wa kale huwa zimelainishwa hadi nyuso za waigizaji zikaonekana kama za nta. Sauti nayo hubanwa. Diski nyingi za Blu-ray hubeba sauti iliyohifadhiwa bila kupoteza chochote, jambo ambalo huduma kubwa za kutiririsha filamu kwa kawaida hazilifanyi.

Kama ubora ungekuwa ndio kigezo pekee, diski isingeshindwa. Ilishindwa na urahisi. Netflix ilianza mwaka 1998 kwa kuwatumia wateja DVD kwa njia ya posta, ikaongeza utiririshaji mwaka 2007, na tarehe 29 Septemba 2023 ikatuma diski zake za mwisho baada ya kusafirisha zaidi ya bilioni 5 kwa jumla. Blockbuster, ambayo mwaka 2004 ilikuwa na maduka zaidi ya 9,000 ya kukodisha filamu, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2010, na leo duka moja tu lenye jina hilo limebaki, katika mji wa Bend, jimbo la Oregon. Best Buy, mojawapo ya minyororo mikubwa ya maduka ya vifaa vya elektroniki nchini Marekani, iliacha kuuza diski za filamu mwaka 2024.

Si haki kuwalaumu wateja kwa uamuzi huu. Kwa ada ya mwezi mmoja isiyozidi sana bei ya diski moja, mtu hufunguliwa mlango wa maelfu ya filamu, hahitaji kabati wala deki, na haulizwi kama diski yake ilitengenezwa kwa ajili ya eneo jingine la dunia, kero ambayo DVD na Blu-ray zilikuja nayo tangu siku ya kwanza. Upande wa watengenezaji nao una hesabu zake. Diski inapaswa kuchapishwa, kufungashwa, kusafirishwa na kupangwa rafuni, na zisizouzwa hurudishwa. Zaidi ya hapo, tangu studio zilipoanzisha huduma zao wenyewe, kama vile Disney+ mwaka 2019 na HBO Max mwaka 2020, mteja anayenunua filamu mara moja na kuimiliki maisha yake yote ana faida ndogo kwao kuliko anayelipa kila mwezi ili aendelee kuitazama.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya kisheria ambayo ningependa kila mtazamaji aielewe. Anayenunua diski hanunui hakimiliki ya filamu. Hawezi kuitolea nakala za kuuza wala kuionyesha hadharani kwa malipo. Lakini nakala ile moja ni mali yake, kama kitabu alichokinunua dukani. Nchini Marekani kanuni hii ilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1908, katika kesi ya mchapishaji aliyetaka kuwazuia wauzaji wasiuze kitabu chake chini ya bei aliyoichapa ndani yake: mahakama iliamua kwamba akishauza nakala, mamlaka yake juu ya mauzo ya baadaye ya nakala hiyo yamekwisha. Juu ya kanuni hiyo yalijengwa maduka ya kukodisha, maktaba zinazoazimisha filamu, na soko lote la diski zilizokwisha kutumika.

Utiririshaji hauna nakala ya kuuza. Msajiliwa hupata leseni, yaani ruhusa ya kutazama, na ruhusa hiyo hudumu kadiri anavyolipa na kadiri huduma inavyoendelea kuwa na haki ya kuonyesha filamu husika. Hata anayebonyeza kitufe cha kununua filamu ya kidijitali mara nyingi huwa amepewa leseni tu. Desemba 2023 Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation, mashine yake ya michezo ya video, kwamba vipindi vya kampuni ya televisheni ya Discovery walivyovilipia vingeondolewa kwenye akaunti zao, kwa sababu ya mikataba ya leseni; baada ya malalamiko mengi makubaliano mapya yalifikiwa na vipindi vikabaki. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno “nunua” bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni.

Kuna pia filamu ambazo hazikuwahi kupata diski kabisa, na hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2023 Disney+ iliondoa kwa mkupuo kazi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili yake, ili kupunguza gharama, na filamu moja iliyotoka katikati ya Mei iliondolewa mwishoni mwa Juni mwaka huohuo. Filamu ya zamani ikifutwa kwenye jukwaa, walau kuna nakala zake katika nyumba na maktaba za watu. Kazi iliyoishi kwenye seva pekee haina kimbilio la namna hiyo: ni mwenye seva peke yake anayeamua kama itaonekana tena.

Diski nayo haiishi milele. Gundi na tabaka la chuma linaloakisi mwanga vinaweza kuoza hata kama diski haikuguswa, na mwaka 2025 studio ya Warner Bros. ilikiri kuwapo kwa kasoro katika baadhi ya DVD zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008. Aliye na diski za miaka hiyo afanye vyema kuzicheza hadi mwisho, kwani kasoro huweza kujificha nusu ya pili ya filamu.

Soko lililobaki ni la wapenzi: kampuni ndogo zinazosafisha filamu za kale na kuzitoa pamoja na maelezo ya waongozaji, vijitabu na matukio yaliyokatwa, na wanunuzi wanaojua wanachokitafuta. Tatizo lao linaanza kuwa deki. Samsung iliacha kuleta deki mpya za Blu-ray Marekani mwaka 2019, na LG ikasitisha zake mwishoni mwa mwaka 2024. Sony na Panasonic bado zinatengeneza, na PlayStation 5 yenye nafasi ya diski husoma pia Ultra HD Blu-ray, ingawa toleo jingine la mashine hiyohiyo liliingia sokoni mwaka 2020 bila nafasi hiyo.