Soko la utabiri katika futiboli ya vyuo vikuu Marekani

Soko la utabiri ni mahali watu wanaponunua na kuuziana mikataba ya tukio ambalo bado halijatokea. Kwenye futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, swali huwa fupi: je, Alabama itaishinda Auburn? Mkataba wa "Ndiyo" hulipa dola 1 Alabama ikishinda. Isiposhinda, haulipi hata senti. Wa "Hapana" ni kinyume chake.

Tuseme umenunua Ndiyo kwa senti 70. Mtu mwingine, usiyemjua, amechukua Hapana kwa senti 30. Pesa zenu zinatimiza dola moja, nayo inashikiliwa hadi mechi iishe, kisha inakwenda kwa aliyepatia. Hiyo senti 70 ndiyo habari yenyewe: kwa jumla, wanaonunua na kuuza wanaipa Alabama nafasi ya asilimia 70 hivi.

Aliyezoea mkeka ataona tofauti. Kwenye kubeti, kampuni hupanga odds, na ukishinda hulipa yenyewe. Hapa unashindana na mteja mwenzako, mwenye soko anakata ada tu. Ila usidhani mwenzako ni shabiki kama wewe. Huenda ni kampuni ya fedha yenye kompyuta zinazobadilisha bei kufumba na kufumbua.

Tena si lazima usubiri mwisho. Kumbuka mechi ya Alabama na Auburn ya tarehe 30 Novemba 2013. Robo ya mwisho Alabama iliongoza 28–21. Mwenye Ndiyo wakati kama huo angeuza kwa bei nzuri akaenda zake. Auburn wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 32. Ikabaki sekunde 1, Alabama wakapiga mpira wa yadi 57 kulenga nguzo, ukapungua. Chris Davis wa Auburn akaudaka nyuma kabisa upande wake, akakimbia nao uwanja mzima hadi mwisho, Auburn wakashinda 34–28. Kwa mbio hizo za sekunde chache, Hapana ingeruka kutoka karibu nusu dola hadi dola kamili.

Mechi kubwa kama hiyo haikosi wanunuzi. Ya vyuo vidogo inaweza kuwakosa, na hapo bei haisemi mengi: mtu mmoja mwenye pesa anaweza kuisukuma peke yake.

Sheria ndiyo vita yenyewe sasa. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 2018, kila jimbo hujiamulia kuhusu kubeti michezo, na mengi yanataka mteja awe na miaka 21. Kalshi, kampuni ya soko la utabiri iliyoanza mikataba ya michezo mwaka 2025, inasema iko chini ya CFTC, tume ya serikali kuu inayosimamia masoko ya mikataba, kwa hiyo sheria za majimbo haziihusu. Inapokea wateja wa miaka 18. Nevada na New Jersey zimebisha, kesi zikafika mahakamani.

Charlie Baker, rais wa NCAA inayosimamia michezo ya vyuo, amepinga masoko haya hadharani, na mimi naona ana hoja. Anayekimbia na mpira pale ni mwanafunzi, pengine wa miaka 19, na aliyepoteza pesa kwa kosa lake anaweza kumtumia matusi kwenye simu kabla hata hajavua helmeti.