Kreatinini 115 au 133? Namba ya figo inatoka wapi

Kipimo cha figo kinachofanyika kila asubuhi katika maabara nyingi za Afrika Mashariki kilianzia Königsberg, Ujerumani ya wakati huo, mwaka 1886. Mwanakemia Max Jaffe aliona kwamba kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, ikikutana na asidi ya pikriki penye alkali hutoa rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Mwaka 1904 Otto Folin, huko Marekani, akaigeuza rangi hiyo kuwa kipimo: inavyozidi kukolea, ndivyo kreatinini inavyokuwa nyingi. (Kwa mwenye chupa kuukuu ya asidi hiyo stoo: ikikauka inaweza kulipuka. Usiifungue, waite wanaojua kuiteketeza.)

Shida ni kwamba rangi ile haiitiki kwa kreatinini peke yake. Protini za damu nazo huitoa kidogo. Glukosi huitoa, ketoni za mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa huitoa, vitamini C huitoa, na baadhi ya antibayotiki za jamii ya sefalosporini huitoa. Bilirubini hufanya kinyume chake: mgonjwa mwenye macho ya manjano huonekana ana figo nzima kuliko alizonazo.

Chukua mwanamume wa miaka 50. Maabara moja inampa kreatinini 115 µmol/L. Nyingine, inayotumia Jaffe ambayo haijarekebishwa, inahesabia na protini humo humo na kumpa 133. Tofauti ni 18 tu, na daktari mwenye haraka hataishtukia. Lakini ziingize namba hizo kwenye fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, inayokadiria figo zinachuja damu kiasi gani: ya kwanza inatoa uchujaji wa mililita 67 kwa dakika, ya pili 56. Mpaka ni 60, na anayebaki chini yake kwa zaidi ya miezi 3 huandikwa ana ugonjwa sugu wa figo. Mtu ni yule yule na figo ni zile zile.

Nikieleza hivi, wenzangu wa maabara hunijibu, "Mbona kontroli zetu zote zimepita?" Sina shaka zimepita. Kontroli, yaani sampuli ambayo jibu lake linajulikana, inakuambia kwamba leo unapima kama ulivyopima jana. Haikuambii kama jana ulipima sawa. Mizani ya muuza nyama inayosoma kilo moja kwa gramu 900 inaweza kufanya hivyo kila siku bila kuyumba, na mwenyewe akaapa kuwa haijawahi kumwangusha. Kinachomuumbua ni jiwe la Wakala wa Vipimo, ambalo lenyewe limelinganishwa na jiwe la juu yake, na hilo na jingine, mpaka mwisho wa mnyororo. Hadi Mei 2019 mwisho huo ulikuwa pande la platinamu na iridiamu lililotunzwa Sèvres, nje kidogo ya Paris.

Je, kreatinini nayo ina jiwe lake? Inalo Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST: unga mweupe wa kreatinini safi, unaouzwa kwa jina la SRM 914. Ukiupima kwa gramu na kuuyeyusha, unajua kwa hakika kuna kiasi gani ndani ya chupa. Lakini maji yenye kreatinini si damu. Hayana protini, hayana bilirubini, hayana dawa. Kipimo cha Jaffe kinaweza kuyasoma sawasawa kabisa kisha kikakosea kwa mgonjwa wa kwanza tu. Kwa hiyo kati ya unga ule na mshipa wa mgonjwa panahitajika daraja.

Daraja lenyewe ni mbinu ninayoipenda kuliko zote katika kemia ya tiba. Wanachukua seramu, yaani maji ya damu, na kuitia kiasi kinachojulikana cha kreatinini nzito, yaani ile ambayo baadhi ya atomi zake zimebadilishwa na isotopu nzito zaidi, kwa mfano kaboni 13. Kikemia, nzito na nyepesi ni ndugu wasiotofautiana. Baadaye seramu inasafishwa ili kreatinini ibaki peke yake, na katika kusafisha lazima kitu kimwagike. Haidhuru. Ikipotea nusu ya nyepesi, imepotea na nusu ya nzito. Spektrometa inayotenganisha molekuli kwa uzito wake husoma uwiano wa hizo mbili, na uwiano haukubadilika tangu dakika ya kuchanganya. Kwa kuwa nzito waliipima wenyewe kabla, nyepesi, yaani ya mgonjwa, inajulikana. Rangi haina kazi hapo, na protini haina pa kujipenyeza.

Mbinu hii huitwa kwa kifupi IDMS. Ni ghali, ni ya polepole, na hakuna hospitali itakayoitumia kupima foleni ya wagonjwa 200. Kazi yake ni kuipa thamani seramu ya rejea. NIST walitoa SRM 967, seramu ya binadamu iliyogandishwa katika viwango viwili, kimoja cha mtu mwenye figo nzima na kingine cha aliyeathirika. Mtengenezaji wa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, huilinganisha mbinu yake na rejea ya aina hiyo, kisha anaandika namba kwenye kalibreta, yaani sampuli ya kuirekebishia mashine, inayokuja ndani ya boksi lako. Tangu mwaka 2002 kuna kamati ya pamoja, JCTLM, inayowakutanisha wanakemia wa tiba, Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani na shirikisho la wanaoidhinisha maabara. Hutunza orodha ya rejea zinazokubalika. Na tangu Desemba 2003 sheria ya Ulaya ilimtaka kila anayeuza kalibreta huko aonyeshe mnyororo wake unafika wapi. Sisi hatukuwa mezani, lakini mashine nyingi tunazonunua ni za kampuni zile zile, basi tukafaidika bila kuomba.

Sasa jambo linalowaponyoka hata wakaguzi wazoefu. Seramu ya rejea inapaswa kuwa na tabia ya damu ya mgonjwa mbele ya kila mbinu. Ukiikausha iwe unga, ukiiongezea kihifadhi, au ukiitia kreatinini ya dukani ili namba ipande, unaweza kuiharibu tabia hiyo. Mbinu moja itaisoma juu, nyingine chini, ilhali kwa damu ya watu mbinu hizo hizo zinakubaliana. Au kinyume chake, na hiyo ndiyo mbaya zaidi: zinakubaliana kwenye chupa, zinatofautiana kwa wagonjwa.

Sampuli nyingi za tathmini ya ubora ya nje, tunazotumiwa ili majibu yetu yalinganishwe na ya maabara nyingine, ni za unga wa kuyeyusha. Ndiyo maana waandaaji hutulinganisha na wenzetu wenye mashine na vitendanishi kama vyetu, si na thamani ya kweli. Cheti kikisema umefaulu, maana yake umefanana na kundi lako. Kundi zima likiwa juu kwa asilimia 15, mtafaulu nyote. Sisemi tuache kushiriki. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walizipelekea maabara za hospitali za Pennsylvania sampuli zile zile, na majibu yasiyokubalika yakazidi yanayokubalika. Tathmini za nje zimetutoa huko. Ila tusizidai kile ambacho hazipimi.

Marekebisho ya kreatinini hayakuishia maabarani, yaliwafuata madaktari hadi kwenye fomula zao. Fomula ya MDRD, iliyoitangulia CKD-EPI, ilitengenezwa kwa majibu ya Jaffe ya maabara moja ya Marekani, na toleo lake fupi la mwaka 2000 lilianza na namba 186. Kreatinini ilipounganishwa na IDMS majibu yalishuka kidogo, na fomula ile ile ikaanza kuwaonyesha watu figo nzuri kupita kiasi. Watunzi wake waliirudia, na 186 ikawa 175. Nimewahi kukuta programu ya simu yenye 186 mpaka leo.

Fomula ya Cockcroft na Gault, ya mwaka 1976, haikupata bahati hiyo. Sampuli za wagonjwa waliotumika kuitunga hazipo tena, hivyo hakuna wa kuzipima upya. Na hiyo ndiyo fomula iliyozoeleka katika kliniki zetu za VVU kuamua nani asipewe tenofovir, dawa ya VVU inayoweza kuumiza figo: uchujaji ukiwa chini ya 50, dawa huepukwa. Tunaingiza kreatinini ya leo kwenye fomula ya kreatinini ya zamani. Juu yake, dolutegravir, dawa nyingine ya VVU ambayo wengi huimeza ndani ya kidonge kimoja na tenofovir, hupandisha kreatinini kidogo bila kuigusa figo, kwa sababu inazuia njia ambayo figo huitoa nje. Daktari anayebadilisha dawa kwa jibu moja lililopanda kidogo anafaa kwanza aulize lilipimwaje, na la mwezi uliopita lilipimwa kwa mbinu gani.

Watoto wachanga wanateseka na jambo jingine. Watengenezaji wengi wa Jaffe hurekebisha athari ya protini kwa kutoa kiasi kile kile kwa kila mtu, kati ya 18 na 26 µmol/L. Kwa mtu mzima mwenye protini za kawaida, sawa. Mtoto mchanga ana protini kidogo na kreatinini kidogo, na ukimtolea kiasi cha mtu mzima unaweza kubaki na jibu lisilo na maana. Wodi ya watoto wachanga ikipata fedha, inunue kitendanishi cha vimeng'enya, kisichotegemea rangi ya Jaffe. Bei yake ni mara kadhaa ya Jaffe, najua, na meneja atanuna. Anune.

Hata kreatinini iliyopimwa kikamilifu haimalizi kazi. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2022, ulipima uchujaji wenyewe wa figo kwa kutumia ioheksoli, kemikali inayodungwa kisha kutolewa na figo, ukakuta kwamba fomula za kreatinini zinawapa watu wetu figo nzuri kuliko walizonazo. Waafrika wa kusini mwa Sahara si Wamarekani weusi, na mwenye misuli michache ana kreatinini ndogo hata figo zikiwa zimechoka. Lakini usingeweza kuligundua hilo kama kreatinini za nchi tatu zisingekuwa lugha moja.

Kwetu mnyororo hukatikia mahali pa kawaida sana: mashine za mfumo wazi, zinazokubali kitendanishi cha yeyote. Tenda inabadilika, kitendanishi kinakuja cha kampuni nyingine, kalibreta ya zamani haijaisha, na mtu anaona haya kuitupa. Namba iliyoandikwa kwenye kalibreta ni ya kitendanishi chake tu. Ukivichanganya, kontroli huenda zikapita, na hakuna ajuaye tena jibu linarudi wapi. Pabaya zaidi ni pale panapotumika fakta, yaani namba ya kuzidishia majibu, iliyochapwa kwenye mashine na mtu aliyehama kituo.

Fungua karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi, tafuta sehemu ya kalibresheni. Iwepo sentensi inayotaja IDMS au SRM 967. Haipo? Muulize muuzaji kwa maandishi. Na siku kitendanishi kinapobadilika, pima sampuli za wagonjwa 40 kwa cha zamani na kipya, kuanzia za chini hadi za wanaosafishwa damu, kabla chupa ya zamani haijaisha. Tofauti ikionekana, waandikie madaktari wa wodi na kliniki tarehe ya mabadiliko, ili Jumatatu asije mtu akaambiwa figo zimeharibika mwishoni mwa wiki.