Maudhi ya antibiotiki: ya kawaida na ya kukimbilia hospitali

Antibiotiki ni dawa za kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Maudhi yake ni yale yanayompata mgonjwa kwa sababu ya dawa yenyewe, wala si ugonjwa anaotibiwa. Mengi ni ya kuvumilia. Machache yanaweza kuua, kwa hiyo inafaa kuyatofautisha.

Linalosumbua zaidi ni tumbo. Utumbo wetu una bakteria wengi wenye faida, na antibiotiki haichagui nani wa kuuawa. Wakipungua, mtu huharisha, husikia kichefuchefu au tumbo hujaa gesi. Fangasi wa mdomoni na ukeni nao hupata nafasi, kwa kuwa waliokuwa wakiwadhibiti hawapo. Kwa kawaida hali hurudi sawa dozi ikiisha. Ila kuharisha maji mara nyingi kwa siku, pamoja na homa, maumivu makali ya tumbo au damu, ni jambo jingine: huenda bakteria aitwaye Clostridioides difficile ametawala utumbo. Anaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, ndiyo maana wengi hawaihusishi na dawa. Usimeze dawa ya kufunga kuharisha kabla ya kuonana na daktari.

Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia dawa. Penisilini na jamii yake, amoksilini ikiwemo, zinajulikana sana kwa hili. Ukivimba midomo, uso au koo, ukabanwa pumzi au kuishiwa nguvu muda mfupi baada ya dozi, ni dharura ya papo hapo. Malengelenge, ngozi kubanduka na vidonda mdomoni au machoni, hata vikija siku kadhaa baadaye, navyo ni vya kuacha dawa na kwenda hospitali. Dawa za salfa kama kotrimoksazoli ni miongoni mwa zinazoweza kuvileta.

Kutapika peke yake si mzio. Wengi walioandikiwa kwenye faili kwamba wana mzio wa penisilini, wakipimwa hukutwa hawana. Hasara yake si ndogo: daktari hulazimika kuiacha dawa iliyofaa na kutafuta nyingine, pengine yenye maudhi zaidi.

Kuna pia maudhi ya dawa mojamoja. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue upesi na jua, na kidonge kikikwama huchoma koo la chakula; kimeze kwa maji mengi, usilale hapo hapo. Siprofloksasini inaweza kuumiza kano, hasa ya kisigino, na wazee wako hatarini zaidi. Sindano za jentamaisini zinaweza kudhuru figo na masikio. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo linalotisha bure, lakini pia hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na hilo ndilo la kuulizia.

Maudhi yakiwa madogo, usikatize dozi kimyakimya. Rudi kwa aliyekuandikia. Mtajie jina la dawa, kilichotokea, na kilianza muda gani baada ya kumeza.