Jiografia ya maumbile na ya watu: panda mteremko mmoja kwanza

Vitabu vyetu vya shule huigawa jiografia mafungu mawili: huku milima, mvua na udongo, kule watu, miji na biashara. Mwanafunzi anakariri fungu la kwanza, anafanya mtihani, analisahau, halafu anaanza kukariri la pili. Mimi nafundisha somo hili, na anayeniuliza aanzie wapi humwambia aziache fasili kwanza. Achague mteremko mmoja, aupande kwenye ramani kutoka chini hadi juu, na kila hatua aulize: kwa nini hiki kiko hapa, hakiko pale? Mimi hutumia mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kuanzia Moshi mjini kwenda juu. (Wa Tukuyu mna Rungwe yenu, wa Lushoto mna Usambara. Njia ni ileile.)

Tuanze na joto, maana ndilo rahisi. Moshi iko mita mia nane hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Piga hesabu mwenyewe: kati ya Moshi na kileleni kuna tofauti ya zaidi ya nyuzi 30. Ndiyo maana barafu inakaa digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameuona mlima huu ukiwa na theluji, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika Afrika, alimpinga vikali. Cooley alikuwa ameishika latitudo akausahau mwinuko.

Mvua inataka utulivu zaidi. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi huja na unyevu, zikakutana na mlima, zikalazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, mvuke hugeuka mawingu, mvua inashuka. Hii ndiyo mvua ya milima, na upande wa kusini huipata kwa wingi, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Moshi mjini mvua ya mwaka haifiki milimita 1,000. Panda hadi kwenye ukanda wa msitu, karibu na mita 2,000, na utakuta imezidi mara mbili. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa: wanadhani mvua itaendelea kuongezeka hadi juu kabisa. Haiongezeki. Juu ya msitu inapungua tena, na kileleni ni pakavu kama jangwa.

Vuka sasa upande wa kaskazini. Hewa imeshamwaga sehemu kubwa ya maji yake kusini, na Amboseli kule Kenya imebaki kwenye kivuli cha mvua. Hata hivyo katikati ya vumbi lile kuna vinamasi vinavyowaweka tembo hai wakati wa kiangazi. Maji yake ni ya Kilimanjaro: mvua ilizama kwenye miamba ya volkeno, ikasafiri chini ya ardhi, ikatokea uwandani kama chemchemi.

Hapa niseme jambo linalonikera kidogo. Kila mara habari za barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, zinapotoka, mtu huandika kwamba ikiisha mito yote itakauka. Ni kweli barafu inakwisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka. Lakini mchango wake kwenye mito ni mdogo mno, na sehemu kubwa ya barafu ile hugeuka mvuke bila hata kuyeyuka. Maji yanayoteremka mto Pangani hadi kwenye mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu na Hale hutegemea zaidi mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Kwa hiyo kinachonitia hofu zaidi ni moto unaoula msitu ule kutokea juu.

Sasa watu. Wamejazana kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, mahali penye udongo wa volkeno, mvua ya kutosha na ubaridi wa wastani. Humo ndimo kilimo cha kihamba, yaani shamba la familia linalozunguka nyumba: juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, kisha mibuni, kisha magimbi na maharage. Ng'ombe yuko zizini, analetewa majani na migomba iliyokatwa, samadi yake inarudi shambani. Mahindi hulimwa tambarare.

Ukiishia hapo utasema mlima umeamua kila kitu, na utakuwa umekosea. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji, kuyatoa maji kwenye makorongo na kuyapeleka kwenye migongo ya ardhi iliyo kati yake, kabla ya mkoloni kufika. Kahawa ililetwa na wamisionari, reli ya Tanga ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1933 wakulima wakawa na chama kikuu chao cha ushirika, KNCU. Udongo ulikuwepo miaka yote hiyo. Bei ya kahawa haikuwepo. Tena angalia Kilimanjaro Magharibi, ambako ramani huonyesha watu wachache. Uchache wa mvua unaeleza sehemu tu. Walowezi walitwaa mashamba makubwa kule, na ramani ya idadi ya watu bado inabeba alama ya jambo hilo.

Kihamba nacho kina kikomo. Hurithishwa watoto wa kiume, na kila kizazi kinakikata vipande. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa mkoa wa Kilimanjaro waliongezeka kutoka milioni 1.64 hadi milioni 1.86, yaani kama asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2. Familia zinazaa watoto wachache kuliko zamani, na vijana wanahama. Ukitaka kuwaona waliohama, nenda stendi ya mabasi Dar es Salaam wiki ya kabla ya Krismasi.

Kazi ya nyumbani: tafuta ramani ya skeli ya 1:50,000 ya mteremko huu. Fuata kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, uyatambue makorongo, kisha uangalie jinsi barabara nyingi zinavyopanda na migongo, na chache tu zinavyokatiza makorongo. Ukimaliza, nieleze kwa nini Mchagga wa Machame na wa Rombo, watu wa mlima mmoja, kila mmoja akisema lugha ya kwao, husikilizana kwa shida.