Kumechi si kuchaguliwa

Ukikulia Tabora, neno "kuchaguliwa" unakutana nalo mapema. Mtoto wa kidato cha nne anajaza fomu ya machaguo, matokeo yanatoka, TAMISEMI inapanga, na siku majina yakitangazwa mtaa mzima unajua nani kachaguliwa Tabora Boys, nani Milambo, nani kapangiwa mkoa wa mbali. Mamlaka moja inatazama alama na kuamua, mtoto anafungasha. Ndiyo maana daktari kijana wa hospitali ya Kitete, au ya Maweni kule Kigoma, akipata nafasi ya rezidensi Marekani, habari inatembea hivi: "Kachaguliwa Marekani." Wenzake waliokwisha kusikia kwamba neno lenyewe ni "kumechi" wanalipeleka uwanjani: "Kashinda mechi."

Kauli zote mbili zinapotosha, na hasara yake haiishii kwenye lugha. Mwombaji anayedhani anasubiri kuchaguliwa huijaza orodha yake ya hospitali anazozitaka kwa woga. Anayedhani yuko mchezoni huijaza kwa hila. Wote wawili wanaweza kuikosa nafasi ambayo ilikuwa yao.

Maana yenyewe ni fupi. Rezidensi ni mafunzo ya ubingwa yanayofanyika kazini, hospitalini, kwa mshahara: miaka 3 kwa magonjwa ya ndani, watoto au tiba ya familia, miaka 5 kwa upasuaji wa jumla, 7 kwa upasuaji wa ubongo. Kumechi ni hatua ya mwisho ya kuiomba. Baada ya usaili, mwombaji anaorodhesha programu, yaani hospitali zinazotoa mafunzo hayo, kwa mpangilio anaoupenda yeye, na kila programu inaorodhesha waombaji kwa mpangilio inaoupenda yenyewe. Orodha zote zinaingizwa kwenye kompyuta ya chombo kinachoitwa NRMP, nayo inatoa jozi. Jozi ikishatoka inawafunga wote wawili kama mkataba. Fani chache, kama macho na njia ya mkojo, zina mfumo wao wa pembeni, lakini kanuni ni ileile.

Hapa nyumbani utaratibu ni tofauti, na huku "kuchaguliwa" ni neno sahihi kabisa. Anayetaka kusomea MMed, yaani shahada ya ubingwa, Muhimbili, KCMC, Bugando au Dodoma anaomba chuoni, chuo kinapima sifa zake, chuo kinamchukua au kinamwacha. Upande mmoja ndio unaoamua. Tatizo linaanza pale tunapolichukua neno la MMed na kulibandika kwenye jambo lenye pande mbili.

Neno la Kiingereza lililozaa "mechi" lina asili ya kale, gemæcca, yaani mwenzi, mmoja wa jozi. Maana ya pambano ilikuja baadaye, kutokana na wazo la watu wawili wanaolingana nguvu. Kiswahili kililipokea likiwa tayari limevaa jezi, kwa hiyo kwetu mechi ni Simba na Yanga, dakika tisini, mshindi na mshindwa. Maana ya mwenzi ikabaki nyuma. Lakini Kiswahili kilikuwa na neno lake siku zote, nalo limebeba picha ileile: kuoanisha. Oa, oana, oanisha. Rangi mbili zinaoana, taarifa za vitabu viwili zinaoanishwa. Hakuna anayemfunga mwenzake. Kuna wawili wanaotafutwa hadi wakae pamoja bila mmoja wao kutamani kutoroka.

Picha hiyo ya ndoa haikutiwa kwa nguvu. Mwaka 1962 wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley waliandika makala kuhusu udahili wa vyuo na uthabiti wa ndoa, wakathibitisha kwamba daima kuna njia ya kuunda jozi zisizovunjika, yaani jozi ambamo huwezi kumkuta mwombaji na programu waliotamaniana kuliko wenzi waliopewa. Madaktari wa Marekani walikuwa wameshaanza kutumia kitu cha namna hiyo miaka kumi kabla, mwaka 1952, kwa sababu ya shida waliyoiona kwa macho.

Katika miaka ya 1940 hospitali zilikuwa zikigombania vijana, na kila moja ilijaribu kuiwahi nyingine, hadi mwanafunzi akawa anapewa nafasi miaka miwili kabla ya kuhitimu. Vyuo vikakubaliana kuzuia barua na matokeo yasitolewe kabla ya tarehe fulani. Shida ikahamia kwenye muda wa kujibu. Mwaka 1945 mwanafunzi aliyepewa nafasi alikuwa na siku 10 za kufikiri, na ilipofika 1949 mjadala ulikuwa juu ya muda wa saa kumi na mbili tu. Kijana anapigiwa simu na hospitali yake ya tatu, anatakiwa kujibu palepale, na ile ya kwanza bado haijasema kitu. Akikubali, huenda kesho ya kwanza ikamtaka. Akikataa, huenda akakosa zote.

Kuoanisha kulikuja kuiondoa simu hiyo. Na hata rasimu ya kwanza ya kanuni ilikuwa na kasoro: iliweza kumwadhibu mwanafunzi aliyeweka juu hospitali ngumu kuipata. Wanafunzi wenyewe waliipinga mwaka 1951, ikabadilishwa kabla haijaanza kutumika rasmi. Baadaye, kuanzia mwaka 1998, kanuni ikasukwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson ili mwombaji ndiye awe mposaji. Roth na Shapley walipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 kwa nadharia hii na matumizi yake.

Mwombaji ndiye mposaji. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tuifuate posa hatua kwa hatua. Tuseme kuna daktari wa Urambo, wa Kasulu na wa Sikonge, na programu mbili, Boston na Chicago, kila moja ina nafasi moja. Wa Urambo na wa Kasulu wote wameandika Boston kwanza, Chicago pili. Wa Sikonge ameandika Chicago peke yake. Boston inampenda wa Kasulu kuliko wa Urambo. Chicago imemweka wa Urambo juu ya wa Sikonge.

Kompyuta inampeleka wa Urambo akapose Boston. Boston inampokea, ila kwa muda tu, mahari haijapokelewa. Wa Sikonge anaposa Chicago, naye anapokelewa kwa muda. Sasa wa Kasulu anaposa Boston. Boston inampenda zaidi, inamwacha wa Urambo. Wa Urambo anashuka kwenye chaguo lake la pili, Chicago, ambako nafasi tayari imekaliwa. Je, amechelewa? Hapana. Chicago inatazama orodha yake, inamwona wa Urambo yuko juu, inamwacha wa Sikonge na kumshika yeye. Hakuna aliyewahi wala aliyechelewa. Wa Urambo amefika Chicago sawasawa na kama angeiandika ya kwanza, na kule kuijaribu Boston hakukumgharimu chochote.

Kwa hiyo hesabu za kusema "niiweke juu ile iliyonionyesha upendo, nisije nikakosa zote" hazina msingi. Barua pepe tamu baada ya usaili hazibadilishi chochote kwenye kanuni, na programu hairuhusiwi kumdai mwombaji aitaje orodha yake. Andika unapopataka zaidi, kisha panapofuata, mpaka mwisho. Programu isiyokusaili usiihesabu, maana haitakuwa na jina lako. Na usiandike hata mwishoni kabisa mahali ambapo usingekubali kwenda, kwa sababu ukipewa umefungwa. Aliyeponzwa katika mfano wetu ni wa Sikonge mwenye orodha ya jina moja. Orodha ndefu ni kinga, nayo inatokana na usaili mwingi.

Ishara nazo zinachanganywa na orodha. Siku hizi fani nyingi zinampa mwombaji idadi maalumu ya ishara, yaani alama za kuonyesha nia kwa programu fulani, za kuambatisha kwenye maombi yake, na baadhi ya fani zinazigawa katika dhahabu na fedha. Ishara inasaidia uitwe kwenye usaili. Kompyuta inayotoa jozi mwezi Machi haiisomi.

Aliyesoma nje ya Marekani anapitia taasisi ya ECFMG, ambayo ndiyo inayomfanyia kazi za ofisi ya mkuu wa chuo: kuhakiki cheti na kupandisha nyaraka kwenye ERAS, mfumo wa mtandaoni wa maombi. Mtihani wa leseni ya Marekani uitwao Step 1 tangu Januari 2022 unatoa kufaulu au kufeli bila alama, hivyo kwa fani zinazogombewa uzito umehamia kwenye mtihani unaofuata, Step 2 CK, ambao bado una alama. Kila programu inapokea barua za mapendekezo zisizozidi 4. Ukiwaomba madaktari wako barua, waombe miezi kabla, kwa sababu programu zinaanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba na lililokamilika siku hiyo linasomwa mapema.

Usaili unaanzia Oktoba hadi Januari, na tangu 2020 mwingi unafanyika mtandaoni. Kwa mtu aliyeko Tabora, saa ndiyo inayoangusha watu. Mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba New York iko nyuma yetu kwa saa 7, baada ya hapo saa 8. Chicago ni 8 kisha 9. California ni 10 kisha 11. Usaili wa saa 3 asubuhi ya New York mwezi Desemba ni saa 11 jioni kwetu. Ule wa saa 7 mchana wa Los Angeles ni saa 6 kamili usiku wa Tabora, na tarehe inageuka hapohapo. Mtego mwingine uko kwenye lugha yetu: mwaliko ukionyesha 8:30, kuna anayebadili majira ya nchi akasahau kubadili saa ya Kizungu kuwa ya Kiswahili, akajikuta amekosea kwa saa sita. Andika nyakati zote tatu kwenye mstari mmoja wa daftari: ya kwao, ya Afrika Mashariki kwa tarakimu, na ya Kiswahili pamoja na tarehe. Kisha badilishana zamu mapema, usitoke zamu ya usiku ukakaa mbele ya kamera. Ruta iwe na betri yake, na simu yenye bando la mtandao mwingine iwe pembeni, kwa sababu umeme ukikatika mazungumzo yanakatika nao.

Programu unayoitamani zaidi usiipangie siku ya kwanza. Anza na moja au mbili za katikati, majibu yako yakae sawa. Na uliza, maana nawe unapima. Zamu za usiku zinakuja mara ngapi? Nani anasimama na rezidenti wa mwaka wa kwanza usiku wa manane? Wanadhamini viza gani? Kikomo cha kazi ni saa 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki nne, na siku moja katika saba bila kazi. Uliza kikomo hicho kinavyotimizwa kwao. Andika majibu jioni ileile, kwa sababu ikifika Februari programu kumi na mbili zinakuwa sura moja.

Orodha ikikamilika, kuihifadhi hakutoshi, lazima uithibitishe. Muda wa mwisho umezoeleka kuwa saa 3 usiku ya New York, yaani saa 11 alfajiri ya siku inayofuata kwetu. Mitihani na masharti ya ECFMG yawe yamekamilika kabla ya hapo.

Katika wiki ya tatu ya Machi, Jumatatu unaambiwa kama umepata jozi, bila kutajiwa wapi. Ijumaa, saa 1 jioni kwetu, unaambiwa wapi. Anayekwenda kwa viza ya mafunzo iitwayo J-1 aanze kufuatilia barua ya Wizara ya Afya ya kuthibitisha kwamba nchi inaihitaji fani yake, kwa maana kazi huanza Julai.

Asiyepata jozi Jumatatu anaingia katika awamu inayoitwa SOAP, kuomba nafasi zilizobaki wazi wiki hiyohiyo. Huko programu inampa mtu nafasi, naye ana saa mbili za kukubali au kuiacha. Hapo hakuna kuoanisha tena. Ile simu ya miaka ya 1940 imerudi, na aliyepata kwa njia hiyo unaweza kusema kachaguliwa, utakuwa sahihi.

Kwa wengine wote, lugha yenyewe inatoa msaada. Kuchaguliwa kunaomba "na" ya mtendaji: kachaguliwa na chuo. Kumechi kunaomba "na" ya wenzi: kamechi na hospitali fulani, kaoana nayo, kaoanishwa nayo. Na yule wa Sikonge, Ijumaa ile jina lake lisipotoka, msimwambie kwamba kakataliwa. Chicago ilimwandika kwenye orodha yake, ilimtaka, ila nafasi ilikuwa moja na aliyemtangulia aliifikia. Mwambieni hakupata jozi mwaka huu.