Urasimishaji wa ujuzi: maana yake, na namna chuo kinavyoweza kumpima fundi kwa haki

Urasimishaji wa ujuzi ni utaratibu wa kumpima mtu anayeijua kazi tayari, ingawa hakuisomea chuoni, na kumpa cheti kinacholingana na uwezo aliouonyesha. Tanzania, kwa upande wa ufundi stadi, kazi hii iko chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hupimwa waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi na wengineo waliojifunzia mtaani au kazini.

Si kozi fupi, wala si kumpa mtu cheti kwa kumwonea huruma kwa sababu ya umri wake. Kiwango ni kilekile cha aliyesoma chuoni. Kinachobadilika ni njia ya kukifikia.

Mwombaji hujiandikisha, huhojiwa kuhusu kazi alizofanya, hukusanya ushahidi, kisha hupimwa kwa vitendo. Picha za nyumba alizojenga husaidia, lakini hazithibitishi nani alishika mwiko. Ndiyo maana mpimaji lazima amwone kazini.

Chukua mwashi. Mpe tofali, saruji, mchanga, kamba, timazi na pima maji, umwambie ajenge kona ya kozi tano, yaani safu tano za tofali. Ukimuuliza kanuni ya Pythagoras, ile ya pande za pembetatu mraba, huenda akanyamaza na ukamwandikia sifuri. Mwambie badala yake: "Fundi, hakikisha kona hii iko mraba." Atapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha ataangalia kama ulalo unatoa futi 5 kamili. Ukizidi, kona imefunguka, ukipungua, imefunga. Muulize pia kwa nini kwenye msingi mrefu anapima mita 3, 4 na 5 badala ya futi. Akikujibu kwamba kosa dogo kwenye kipimo kifupi hukua kadiri ukuta unavyorefuka, hesabu anayo. Swali la kuandika, tena kwa Kiingereza, lingempima Kiingereza tu.

Kupima peke yake hakutoshi. Mara nyingi fundi wa mtaani hujenga vizuri lakini hajui kusoma ramani, kukadiria vifaa kabla ya kazi kuanza, au taratibu za usalama. Mapengo hayo ndiyo ya kufundishwa, na hayo tu. Chuo kinachomrudisha darasani kuanzia namna ya kushika mwiko kinamchosha mtu mzima, naye ataacha. Ana haki ya kuacha, kwa sababu anapotezewa muda.

Kinachokwamisha zaidi, kwa maoni yetu, ni ratiba. Fundi wa kibarua asipoingia saiti hana kipato siku hiyo. Mwite siku tatu mfululizo katikati ya wiki, kwa mahojiano, nadharia na vitendo, naye atakosa angalau moja. Afadhali mpimaji amfuate saiti, kwa makubaliano na mwenye kazi, au shughuli zote zifanyike Jumamosi moja. Ada nayo igawanywe kwa awamu, na mwombaji aelezwe mapema gharama za vifaa vya upimaji, zisije zikamshtua asubuhi ya mtihani.

Kuna jambo dogo ambalo huleta usumbufu mkubwa: majina. Mtaani fundi anaitwa jina moja, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jingine, cheti cha darasa la saba kina herufi tofauti. Msajili alinganishe nyaraka siku ya kujiandikisha, si baada ya cheti kuchapwa.

Matokeo yasiwe "amefaulu" au "amefeli" tu. Mwombaji apewe karatasi ya Kiswahili inayotaja kila eneo alilopimwa, ambalo amefikia kiwango na ambalo bado, pamoja na sababu: labda ukuta uko wima lakini kozi hazikulala sawa. Akirudi, apimwe eneo hilo pekee.